Kalenda Mbili za Mwenye Duka wa Majengo

Mwenye duka katika mtaa wa Majengo, Nyeri, hana budi kuagiza bidhaa zake kwa kalenda mbili. Krismasi huja kila mwaka tarehe 25 Desemba, lakini Idi hufuata kuandama kwa mwezi. Kwa kuwa mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, Idi hurudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka. Mwaka 2000 Idi-el-Fitri iliadhimishwa mara mbili, Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Mwaka 2024 iliangukia Aprili, wakati wa masika.

Mali yenyewe nayo ina majira yake. Tende huletwa kwa meli hadi Mombasa. Kanzu, kofia na leso hununuliwa kwa jumla huko au Eastleigh, Nairobi, kisha hupandishwa Nyeri kwa gari, mwendo wa kilomita 150 hivi kutoka Nairobi. Mchele wa Mwea u karibu zaidi, na mavuno yake makubwa huwa Novemba na Desemba. Wanunuzi pia wana majira: wakulima wa chai hupokea bonasi yao karibu na Oktoba, lakini Januari wazazi hutafuta karo wala si nguo.

Hatari iko katika mali inayobaki. Tuseme mtu amenunua kanzu 40 kwa Sh. 1,000 kila moja, akauza 30 kwa Sh. 1,300. Amepokea Sh. 39,000, hali alitoa Sh. 40,000. Faida yake yote, pamoja na Sh. 1,000 za mtaji, imo katika kanzu 10 zilizobaki, na sikukuu imekwisha pita.

Ndiyo sababu yafaa kuagiza mara mbili: sehemu kubwa mapema, na sehemu ndogo juma la mwisho, baada ya kuona kinachotakiwa. Mchele na sukari huuzika siku zote. Nguo za sikukuu zataka hesabu. Hesabu hiyo haipatikani kwa kukisia, bali katika daftari la mwaka uliopita: kitu gani kiliisha mapema, kipi kilibaki, na nani alichelewa kulipa deni. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Tena daftari hilo na litunzwe, kwa maana hesabu ya miezi yaonyesha kwamba Desemba 2033 Idi na Krismasi zitakaribiana, na duka moja litatakiwa kuwatosheleza wote kwa juma moja.