Kisasi kisicho kisasi: juu ya msemo mmoja wa Kiingereza

Wengi wetu tunajifunza Kiingereza nyuma ya Kifaransa na Kilatini, tena tunajifunza hasa kwa kusoma. Toka Uganda, Zambia na Tanzania vinatufikia vitabu, magazeti na barua, na mara nyingi mafrateri wanaombwa kuvifasiri kusudi wakristu wapate kuvisikia. Kazi ni njema, lakini ina mitego. Leo tunataka kueleza mtego mmoja tu, kwani tuliona kwa macho yetu ulivyomnasa mwenzetu.

Sista mmoja wa ng'ambo aliandika kwamba malaria, iliyokuwa imepungua katika kijiji chao, "came back with a vengeance". Frateri alipewa barua hiyo aisome mbele ya watu baada ya Misa, kwa Kiswahili. Alikuwa amefungua kamusi, akakuta kwamba "vengeance" ni kisasi. Basi akasoma bila wasiwasi: "Malaria imerudi kwa kisasi." Watu wakanyamaza. Kisha mama mmoja akauliza: "Kisasi cha nani? Nani alimkosea nani?" Kabla frateri hajafungua kinywa, mzee mmoja akamjibu mama: "Ugonjwa haurudi bure. Umetumwa." Kufika saa sita, habari ya Sista ilikuwa imekwisha kugeuka habari ya ulozi, na watu walikuwa wanataja majina. Katekista alipoteza siku mbili akipita nyumba kwa nyumba.

Frateri hakusema uongo, wala kamusi haikumdanganya. Alifasiri neno baada ya neno, pahali ambapo maneno matatu yalikuwa yamefungwa pamoja kama kuni za mzigo mmoja.

Mwingereza anaposema "with a vengeance" hafikiri kisasi hata kidogo. Anasema tu kwamba jambo limefanyika kwa nguvu kuliko lilivyotazamiwa, au kwamba limepita kipimo. Mvua yaweza kunyesha hivyo, baridi, njaa, kikohozi, hata magugu ya shambani. Hakuna aliyekosewa, hakuna anayelipiza.

Neno lenyewe, waseminari wanaosoma Kilatini watalitambua ukoo wake. Mama yake ni "vindicare", yaani kudai haki, kutetea, kulipiza. Toka Kilatini liliingia katika Kifaransa cha zamani, na Wanormandi waliposhika utawala wa Uingereza mwaka 1066 Kifaransa chao kilijaza maneno mengi katika lugha ya wenyeji. "Vindicta" ndilo neno la Vulgata katika barua kwa Waroma 12,19, pahali Mtume anapokataza kulipiza kisasi. (Tena "vindicta" ilikuwa pia jina la fimbo iliyotumiwa mbele ya hakimu wa Roma katika kumpa mtumwa uhuru wake. Neno moja, kisasi upande huu, uhuru upande ule! Walimu wa Kilatini wasisahau kulieleza.)

Waingereza wa karne ya 16 walitumia msemo wetu kwanza kama laana: kumfukuza mtu na kumtakia mabaya. Shakespeare naye, katika mchezo wake Coriolanus, anamweka mzee Menenius atoe neno hilo kama kiapo cha mtu aliyekasirika, si kama mpango wa kulipiza. Lakini laana ikisemwa kila siku inapoteza sumu yake, inabaki nguvu tu. Tusiwacheke Waingereza. Sisi nasi twasema "njaa inaniua", na hakuna anayekimbia kumwita padri alete Mafuta Matakatifu.

Sasa, msemo huu unakaa namna gani katika sentensi? Mara nyingi unafuata kitendo, nao unapenda kukaa mwishoni: "The rain returned with a vengeance", ndiyo kusema mvua imeshika tena, kali kuliko mwanzo. Vitendo vinavyoupenda ni vile vya kurudi, kuanza, kupiga, kushambulia. Mara nyingine unafuata jina, na hapo ladha inabadilika. Mkubwa wa seminari amwambie frateri afagie chumba. Frateri afagie chumba, baraza, uwanja, mpaka mlango wa jikoni, na kumfungia mpishi nje kwa sababu ya vumbi. Mwingereza atasema: "That is obedience with a vengeance." Frateri asifurahi upesi. Hajasifiwa, ameambiwa kwa kicheko kidogo kwamba utii wake umepita kipimo. Wengi wanakosa hapa, kwa maana wanajua nguvu iliyo katika msemo na hawajui kicheko kilicho ndani yake.

Mwangalie pia herufi ile ndogo, "a". Ukiiondoa, mambo yanageuka. "He acted with vengeance" ni mtu aliyetenda kwa kisasi kweli, na jambo lake ni la kupeleka kwenye kitubio. Hivyo hivyo ukisema kisasi "chake", au visasi vingi, msemo umevunjika na kisasi cha kweli kimerudi.

Juu ya watu, uangalifu zaidi. Ukisema kwamba fulani "is back with a vengeance", pengine amerudi kazini na nguvu mpya tu. Lakini kama alifukuzwa mwaka jana kwa dharau, msikiaji atasikia maana zote mbili. Wenye sinema walicheza na jambo hilo mwaka 1995 katika Die Hard with a Vengeance: adui anajifanya anamlipizia ndugu yake, kumbe anatafuta dhahabu. Wafransa walipoitoa sinema hiyo kwao hawakujaribu kufasiri mchezo huo wa maneno. Waliiita Une journée en enfer. Kuacha neno kwa heshima ni afadhali kuliko kulivuta kwa nguvu.

Kifaransa kinatusaidia: mvua inaanza tena "de plus belle", timu inarudi "en force". Katika Kiswahili hakuna neno moja linalofaa pahali pote, wala tusilitafute. Kwanza tuulize mwandishi anataka kusema nini. Ni nguvu? Tuseme "kwa nguvu zote", au "vikali". Ni kurudi kuliko zamani? Tuseme hivyo hivyo, waziwazi. Ni kuzidi? "Kupita kipimo" yatosha. Magazeti yapenda "kwa kishindo", na kwa timu ya mpira ni neno zuri. Lakini kwa habari ya wagonjwa kishindo ni cha nini?

Mwenzetu mmoja alituambia kwamba haya ni mambo madogo ya sarufi. Tunamjibu kwa habari ya nchi yetu. Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 katika Kivu ya Kaskazini, ikafika Ituri, ilikwisha tarehe 25 Juni 2020, nayo iliua watu 2.287. Mwezi wa pili wa 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kutiwa moto. Mwezi wa pili wa 2021 ugonjwa ulionekana tena upande wa Butembo, ukashika watu 12, wakafa 6, ukakwisha mwezi wa tano. Waandishi wa Kiingereza wanaupenda sana msemo wetu wanapotaja ugonjwa uliorudi, hata pale ambapo, kama mwaka ule wa 2021, ulirudi kwa udogo. Hatusemi kwamba fasiri mbaya ndiyo iliyowasha moto wa Katwa. Lakini watu wanaouliza usiku na mchana "nani ameuleta ugonjwa huu?" wakipewa neno kisasi kinywani mwa frateri, tena mbele ya altare, wamekwisha kupewa jibu. Kisha atafutwe mwenye kisasi, na mara nyingi anayepatikana ni bibi mzee asiye na mtoto wa kumtetea.

Jumapili iliyofuata frateri yule aliomba ruhusa ya kuisoma barua mara ya pili. Alisema: "Malaria imerudi, tena ni kali kuliko zamani. Sista anaomba tuwasaidie vyandarua." Mama yule yule akasimama. Safari hii aliuliza tu chandarua kimoja ni bei gani.