Jeshi la Mjerumani lenye Bunduki za Mreno

Novemba 25, 1918, mjini Abercorn, ambao leo ni Mbala nchini Zambia, Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Mjerumani Afrika Mashariki katika Vita Kuu ya Kwanza, alisalimisha jeshi lake kwa Waingereza. Orodha ya silaha anayoitoa mwenyewe ina mzinga mmoja wa Kireno, bunduki za rashasha 37, na bunduki 1,071 za Kiingereza na za Kireno. Za Kijerumani za kisasa? Hata moja.

Orodha hiyo haijanitoka kichwani, kwa sababu mwezi uliotangulia jeshi hilohilo lilikuwa limekatiza Ubena, nyanda za Wabena ambako leo wapo watu wa Kichiwa, Makambako na Njombe. Ubena ndiko alikoachwa Jenerali Kurt Wahle, mgonjwa asiyeweza tena safari. Vita ya Mjerumani ilipita hapa mabegani mwa askari Waafrika, kwa bunduki za adui zake.

Katika kumbukumbu zake, Lettow anasimulia jinsi alivyozipata, naye husimulia kwa uchu wa mkusanyaji. Vita ilipoanza, askari wake wengi walikuwa na Mauser ya 1871: milimita 11, baruti ya moshi. Ukifyatua, wingu linamwonyesha adui ulipojificha. Tanga, Novemba 1914, akaokota walizoacha Waingereza. Kwa hesabu yake zilitosha kombania tatu na zaidi, pamoja na rashasha 16 na risasi 600,000. Aprili 1915 meli ya Rubens ikaleta bunduki za kisasa kutoka Ujerumani, ikashambuliwa katika ghuba ya Mansa. Mzigo uliopolewa majini, risasi zikafunguliwa na kukaushwa.

Kisha Ngomano, ng'ambo ya Ruvuma, katika Msumbiji ya Wareno, Novemba 25, 1917, mwaka mmoja kamili kabla ya Abercorn. Wareno walishindwa, naye akapata bunduki za kutosha nusu ya jeshi lake na risasi robo milioni. Hapo furaha yake haijifichi: shida zake nyingi zimemalizwa kwa pigo moja.

Lakini mkusanyaji wa bunduki kuukuu haridhiki na jina la "bunduki za Kireno". Husoma mihuri iliyogongwa kwenye chuma. Bunduki za jeshi la Mreno enzi hizo zilikuwa hasa mbili. Kropatschek ya 1886 ilitengenezwa Steyr, Austria, nchi iliyokuja kupigana upande wa Mjerumani. Mauser-Vergueiro ya 1904 ilitengenezwa Berlin kwenyewe. Mreno alinunua kwa Mjerumani, Mjerumani akamnyang'anya Mreno, na aliyekufa kwa risasi hizo mara nyingi alikuwa Mwafrika asiyeijua Berlin wala Lisbon.

Lettow anahesabu pia risasi 208,000 alizokabidhi. Nani aliandika majina ya waliozibeba? Miaka 13 tu kabla ya jeshi lake kupita Ubena, mwaka 1905, Wabena walikuwa wameishambulia misheni ya Yakobi katika vita vya Majimaji, wakakutana na bunduki za Mjerumani. Waliobaki hai walijisikiaje kuliona jeshi la Mjerumani likirudi na kutaka chakula?

Sheria yetu ya Tanzania nayo ina pengo katika kulinda mabaki ya vita hiyo. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda hasa vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, pamoja na vingine ambavyo Waziri atavitangaza. Mauser ya 1871 imechelewa miaka 8. Kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, bunduki hiyo ni jambo la polisi kabla ya kuwa jambo la historia.

Waziri mwenye dhamana azitangaze silaha za vita ya Mjerumani kuwa urithi, zikae makumbusho badala ya kuishia kwenye chuma chakavu. Nawe msomaji, jembe likigonga mtutu au risasi shambani, usiigonge wala kuisafisha, kwani risasi kuukuu bado huweza kulipuka. Toa taarifa kwa serikali ya kijiji na polisi. Kisha muulize babu ni nani katika ukoo wenu aliyewahi kubeba mizigo ya jeshi hilo, uandike jina lake.