Makengeza: upasuaji wa kwanza ndio wenye uzito

Mtoto aliyepasuliwa makengeza anaweza kuonekana amepona, kisha baada ya wiki au miezi jicho linaanza tena kuvutwa upande mmoja. Mara nyingine sababu ni kovu.

Kila jicho huendeshwa na misuli 6. Ili kulinyoosha, munganga hulegeza au hufupisha msuli mmoja au zaidi, kisha huushona upya. Kidonda kinapopona, mwili hujenga kovu. Hilo ni la kawaida. Shida huja kovu linapougandisha msuli kwenye ukuta wa jicho. Jicho halizunguki vema, na mgonjwa anaweza kuona kitu kimoja kama viwili. Hali huwa mbaya zaidi ikiwa utando unaozuia mafuta ya kando ya jicho ulipasuka: mafuta hayo hushikana na misuli, na kuyatenganisha ni kazi ngumu.

Kila upasuaji wa kurudia huongeza kovu juu ya kovu. Ndiyo maana kinga huanza siku ya kwanza: kukata padogo, kugusa nyama kwa upole, kuzuia damu, kuulinda utando huo. Ikibidi kurudia, waganga wengine huweka kipande cha utando wa kondo la nyuma kati ya msuli na jicho, lakini si wagonjwa wote wanaofaidika.

Wazazi nao wana sehemu yao: kutia matone ya dawa jinsi yalivyoandikwa, kumkataza mtoto kusugua jicho, na kumrudisha kwa munganga siku iliyopangwa, hata kama jicho linaonekana zuri.