Kabla ya kumpeleka mtoto kuvua Mto Ruvu

LIKIZO ikifika, wazazi wengi wa Dar es Salaam huwapeleka watoto Bagamoyo. Wapo wanaokodi mashua na nahodha ili mtoto ajifunze kuvua kwa mshipi kwenye mlango wa Mto Ruvu, kaskazini mwa mji.

Ni somo zuri. Mtoto hujifunza kutia chambo kwenye ndoana, kukaa kimya na kusubiri. Huiona pia mikoko, ambayo mizizi yake huwaficha samaki wachanga. Samaki mdogo akinaswa, mwache mtoto amrudishe mwenyewe majini akakue.

Lakini Ruvu ina mamba na viboko. Mtoto asining'inize mkono nje ya mashua wala kushuka ukingoni kunawa, hata maji yakiwa yametulia.

Kabla ya kulipa, mzazi muulize nahodha maswali matatu. Je, lipo jaketi okozi linalomtosha mtoto, si la mtu mzima? Maji yanajaa na kupwa saa ngapi? Yakipwa, mashua inaweza kukwama kwenye tope hadi yajae tena, saa kadhaa baadaye. Na upepo wa kusi ukichachamaa, mtarudi vipi?

Nahodha anayesema, "Leo hapana, njooni kesho," hajawaharibia safari. Huyo ndiye wa kumkabidhi mtoto. Mkirudi mikono mitupu, soko la samaki la Bagamoyo liko pale pale ufukweni.