Neno "Mtani" na Amani Baada ya Vita

Neno mtani ni miongoni mwa maneno ya Kiswahili yatumiwayo sawasawa na pande zote mbili za uhusiano. Baba humwita mwanawe "mwanangu", naye mwana humwita "baba". Bali wifi humwita mwenziwe "wifi", shemeji humwita mwenziwe "shemeji", na mtani humwita mwenziwe "mtani". Usawa huo wa jina wastahili kuangaliwa, kwa maana utani wa makabila kadha wa kadha ya Tanzania husimuliwa kuwa ulitokana na vita, ijapokuwa mwingine ulitokana na ujirani na safari za misafara.

Mfano ulio maarufu ni wa Wangoni na Wahehe. Wangoni, ambao wazee wao walitoka kusini wakavuka mto Zambezi mwaka 1835, walipigana na Wahehe mwishoni mwa miaka ya 1870 na mwanzoni mwa miaka ya 1880. Damu nyingi ilimwagika, wala hapana upande uliomtiisha mwenziwe kabisa. Baadaye wakawa watani. Vita havikusahauliwa, vilitoka katika ncha ya mkuki vikahamia ulimini. Mngoni aweza kumwita Mhehe "mtumwa wangu", na Mhehe akamrudishia neno lilo hilo, wala hapana mwenye haki ya kukasirika. Lingesemwa na mgeni, lingekuwa tusi. Kwa mtani huwa kama salamu.

Walakini utani si maneno matupu. Afapo mtu, watani huja msibani wakafanya mizaha hata penye kaburi, na wao hao hushika majembe wakalichimba. Mjukuu wa adui hukabidhiwa maiti. Ruhusa ya kutania yategemea wajibu huo.

Kwa hiyo wanaotaka kuutumia utani kupatanisha watu mahali pengine hawana budi kuangalia mambo mawili. La kwanza ni usawa: upande mmoja ukiwa wa kusema na wa pili wa kunyamaza, hiyo ni dhihaka. La pili ni wajibu: mzaha ukibaki peke yake, bila ya msiba, jina ladumu na kazi yake yapotea. Kamusi ikimweleza mtani kuwa ni mtu wa kufanyiana mizaha, imeeleza nusu tu. Nusu ya pili ni kwamba mtani ni mtu wa kuzikana.