Watoto wa vita na marafiki zao (Sehemu ya pili): Kutoka Bujumbura hadi Djugu

Juma lililopita tulieleza jinsi mgogoro wa mashamba huko Walendu Pitsi, katika Djugu ya jimbo letu la Ituri, ulivyozaa vita kati ya Wahema na Walendu mwaka 1999, na jinsi moto ulivyowaka tena Djugu mnamo Desemba 2017. Leo tuzungumzie hasara isiyoandikwa kwenye orodha za misaada: marafiki ambao mtoto mkimbizi huwaacha nyuma.

Shahidi wetu anatoka kwa jirani. Gaël Faye alizaliwa Bujumbura mwaka 1982, baba yake Mfaransa, mama yake Mnyarwanda aliyekuwa tayari mkimbizi nchini Burundi. Rais Melchior Ndadaye alipouawa Oktoba 1993, nchi iliingia vitani, na mwaka 1995 kijana huyo akahamia Ufaransa. Huko alianza kuimba rap, akaunda kundi la Milk Coffee & Sugar pamoja na Edgar Sekloka. Mwaka 2016 ikatoka riwaya yake, Petit Pays, iliyoshinda tuzo ya Goncourt des lycéens, ambayo waamuzi wake ni wanafunzi wa sekondari.

Kitabu hicho si wasifu wake, ila kimejengwa juu ya utoto kama wake. Mhusika mkuu, Gaby, na wenzake, akina Gino, Armand na wale mapacha, hukutana ndani ya Combi bovu la Volkswagen na kula maembe waliyoyaiba kwa majirani. Urafiki wao hauna masharti. Vita vikifika, kundi lilelile linaanza kudaiana msimamo: wewe uko upande gani? Baba yake Armand anauawa. Kisha mtu mmoja anamwagiwa petroli akiwa ndani ya teksi, na Gaby anakabidhiwa kiberiti. Anakirusha. Mwandishi hamfichi mtoto huyo wala hamtetei. Anatuonyesha tu kwamba mkono ule uliochuma maembe ndio uliorusha kiberiti, na kwamba katikati walikuwepo watu wazima waliomfundisha.

Watu wa Djugu hawahitaji mkalimani hapo. Wahema wa kaskazini, yaani Wagegere, wanasema Kilendu, lugha moja na Walendu. Watoto wao wamecheza na kugombana kwa maneno yaleyale. Mwanzoni mwa mwaka 2018 maelfu kwa maelfu walivuka Ziwa Albert kwa mitumbwi na mashua kutoka Tchomia na fukwe nyingine, wakashukia Sebagoro nchini Uganda na kupelekwa kwenye makazi ya wakimbizi ya Kyangwali, huku kipindupindu kikiwaandama. Wengine walibaki kambini upande wetu, kama Plaine Savo, ambako Februari 2022 washambuliaji waliua watu wapatao 60. Mtoto aliyepitia hayo, kila siku akisikia wakubwa wakisema "wale", mwisho husahau kwamba mmoja wa "wale" alikuwa akikaa naye dawati moja.

Hapa ndipo ninapoiona kazi ya msanii. Kumbukumbu ya urafiki ni ushahidi. Inathibitisha kwamba tuliishi pamoja kabla ya kufundishwa kuchukiana, na ushahidi huo ukipotea, anayebaki kusimulia historia ni mwenye bunduki. Gaby akirudi Burundi akiwa mtu mzima, anamkuta Armand peke yake kati ya wale wenzake, naye anampokea.

Hatuhitaji kungoja tuzo za Ufaransa. Huko Kyangwali, mwaka 2005, vijana wakimbizi kutoka nchi mbalimbali waliunda chama chao, CIYOTA, wakaanza kuwasomesha wadogo zao wakiwa pamoja. Nasi wazazi na walimu tunaweza kumpa mtoto daftari na kumwambia: andika majina ya marafiki zako wote wa nyumbani, na mlichokuwa mkicheza. Akitaja jina la upande wa pili, tusimkatize wala tusimkunjie uso. Amani ya Djugu itawahitaji watoto wanaoyakumbuka majina hayo, kwa sababu ndio watakaokuwa na mtu wa kumtafuta siku watakaporudi.

Sehemu ya tatu itaangalia nyimbo na michezo ya kuigiza kambini.

(Itaendelea)