Chumvi na Akili ya Mtoto

Ubongo wa mtoto, kabla hajatimiza miaka 2, huwa umekwisha kufikia robo tatu hivi ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima, hata mzazi angojaye siku ya kumpeleka chuoni ndipo aishughulikie akili yake huwa amechelewa mno. Katika nyanda za juu za Tanzania, ambako ardhi ina uhaba wa madini joto, rovu lilionekana na kila mtu. Lakini hasara iliyo kubwa zaidi ilisitirika, kwani mama mjamzito akosapo madini hayo, tezi ya shingo hushindwa kutoa homoni ziongozazo ubongo wa mtoto tumboni. Dawa, alhamdulillahi, ni rahisi: chumvi iliyotiwa madini joto, ihifadhiwe koponi na kifuniko chake, itiwe mchuzini ukikaribia kuepuliwa, maana moto na unyevu huyapunguza.